Jinsi ya kulinganisha hospitali kabla ya kujifungua

Kama uko Dar unawaza kati ya Amana, Temeke na Mwananyamala, usimuulize mtu "pale pakoje?" maana wengi watakujibu pazuri tu, mtoto yuko salama basi wameridhika. Uliza vitu vya kushikika, ulifika saa ngapi ukaonwa saa ngapi, dawa ulipata dirishani au ulitumwa duka la nje, nesi alikuelezea anachokufanyia, ulilala kitanda peke yako? Maswali yawe yaleyale kila hospitali, na linganisha wa kawaida kwa wa kawaida, wa opresheni kwa wa opresheni, wala usichanganye aliyelipa keshi na mwenye bima ya NHIF, foleni zao zinaweza zisifanane kabisa. Waulize wakisharudi nyumbani, akiwa bado wodini mtu anaogopa kusema.

Na jamani lugha ya manesi msiipuuze, mama aliyetukanwa leba anaweza asirudi hata kliniki ya mtoto.

Zile nyota za serikali za kupima ubora wa huduma, 0 hadi 5, zilizoanza 2015 zinahusu zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, ziangalie, ila watu bado uwaulize.