Sasa hii ni nini? Jinsi ya kuongea na watu ikiwa wewe wachora abstrakti Mombasa

Hilo swali hapo juu, kama wachora abstrakti hapa Mombasa, yaani picha za rangi na maumbo tu zisizoonyesha kitu kinachotambulika, utaulizwa mpaka uchoke, na wasanii wengi wakiulizwa ama wananuna ama wanaanza hotuba ya hisia na ulimwengu wa ndani, mtu anaitikia kwa adabu kisha huyoo ashaenda zake. Usinune bwana. Aliyeuliza ana hamu, yule aliyepita kimya ndiye umemkosa.

Na usidhani watu hawajui mambo haya. Nenda Biashara Street uwatazame wamama wakichagua leso, inakunjuliwa, wanaangalia pindo, wanaangalia mji, ile sehemu ya katikati, wanasoma jina, yale maneno yaliyoandikwa, na mara nyingi jina halina uhusiano wowote na yale maduara yaliyo katikati, lakini hujasikia mtu akimuuliza muuzaji hii korosho iliyochorwa hapa maana yake nini. Maana wanaitia wenyewe, tena leso yenyewe yaenda kumsema jirani.

Kwa hivyo anza na jina la kazi. Hizi "Bila Jina Namba 4" achana nazo. Kandinsky, mchoraji Mrusi aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa abstrakti, nyingi katika kazi zake aliziita Composition, Improvisation, majina ya muziki, kama ile Composition VII ya mwaka 1913, na lile jina lenyewe lamwambia mtu asihangaike kutafuta nyumba wala farasi, asikilize tu. Wewe waweza kuita yako "Kusi Limeingia" ama "Feri Imechelewa", mtu wa hapa akisoma ashapata pa kuingilia, na bado hujamfafanulia chochote.

Halafu akikuuliza ni nini usimpe maana, mpe ulikoitoa. Mwambie hii kijani nimeiona kwenye mlango mmoja Mji wa Kale, umepigwa rangi juu ya rangi miaka nenda miaka rudi, chumvi ya bahari imebandua ya juu mpaka ile buluu ya chini yachungulia, hapa pembeni nimekwangua na kisu ndio itokee vile. Hapo atainama aangalie. Sasa muulize, wewe waona nini? Na unyamaze, hii ndiyo ngumu kwa sababu mdomo utakuwasha. Dereva mmoja wa tuktuk alinibebea kanvasi, tulipofika akaitazama akasema hii ni Likoni jioni watu wakigombania kupanda feri, na mimi nilikuwa nimechora kutu ya mabati. Sikumrekebisha, na siku hizi nikiionyesha ile kazi natoa na hadithi yake, watu wanacheka wanakaribia.

Kukaribia kwenyewe pia ni muhimu. Rothko, mchoraji wa abstrakti wa Marekani, alitaka mtazamaji asimame karibu kabisa, kama sentimita 45 hivi, mbele ya picha kubwa kushinda mtu. Kama kazi yako ni ya tabaka za rangi mwite mtu asogee, usimwache mlangoni.

Kwa simu ndio balaa, maanake kanvasi ya mita moja kwenye Instagram yaonekana kama kipande cha kitambaa. Weka mkono wako kando ndio ukubwa ujulikane, piga picha asubuhi ama alasiri mwanga ukitokea ubavuni ndio mikwaruzo ionekane (jua la saa sita la hapa laua rangi zote), na posti video ya mkono ukifanya kazi, si picha iliyokamilika peke yake.

Maonyesho ya Fort Jesus ama Alliance Française ni mazuri lakini wanaokwenda huko wengi washaipenda sanaa tayari. Omba ruhusa utundike moja mahali watu wanapokunywa kahawa jioni, ikae wiki kadhaa waizoee, waibishanie. Na bei iandike hapo hapo pamoja na namba ya M-Pesa, watu wengi wanaona haya kuuliza.