Kuanza Ukubwani: Namna ya Kuvishughulikia Visingizio Kimoja Kimoja

Mtu aliyepindukia miaka 45, hapa Unguja au kule Pemba, anapotaja jambo alilolitamani tangu ujanani, iwe ni kumaliza kidato cha nne, kujifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, au kufungua karakana yake mwenyewe, aghalabu maneno yake huwa na sehemu mbili: ya kwanza inaieleza tamaa, na ya pili, inayoanza kwa "lakini", inaifunga. Ushauri anaopewa kwa kawaida ni kwamba ajikaze na aipuuze hiyo sehemu ya pili. Mimi naona ushauri huo haufai, kwa sababu kisingizio cha mtu mzima ni nadra kuwa uongo mtupu. Ndani yake mna jambo la kweli, dogo au kubwa, na jambo hilo lisiposhughulikiwa litamrudisha nyumbani kabla mwezi wa kwanza haujesha. Kazi, basi, ni kulitoa hilo la kweli, kulitafutia dawa yake, kisha kuangalia kilichobaki kina nguvu gani.

Andika kama unavyosema

Chukua daftari uandike visingizio vyako kwa maneno yale yale unayoyatumia barazani au jikoni, bila ya kuyapamba: umri umekwenda, macho hayaoni, kichwa hakishiki tena, nafasi sina, pesa sina, watu watasema nini. Mbele ya kila kimoja jiulize ni kitu gani kikibadilika maneno hayo hayatasemeka tena, na ni nani awezaye kukibadilisha. Penye jibu pana kazi ya kufanya. Pasipo na jibu, hapo ndipo penye kizuizi halisi, na utashangaa namna vilivyo vichache.

Mchukulie mama wa miaka 52, mkaazi wa Wawi kisiwani Pemba, aliyeacha skuli kidato cha pili na sasa anataka kuufanya mtihani wa kidato cha nne. Anasema macho hayaoni, na ni kweli: kuanzia miaka ya 40 lenzi ya jicho hukakamaa, ikawa haiwezi tena kujirekebisha kwa vitu vya karibu, hata mtu akawa anausukuma msahafu mbali na uso ili apate kuusoma. Lakini dawa ya hali hiyo ni miwani ya kusomea, inayopatikana baada ya kupimwa macho, na taa iliyokaa upande wa pili wa mkono unaoandika ili kivuli kisiangukie daftari. Kisingizio hicho kimekwisha kwa safari moja ya Chake Chake. Kama alikuwa akikitaja kwa miaka minane, basi kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakikuwa macho kilichomzuia, na ni vyema ajikiri hivyo mwenyewe kabla hajaenda kwenye kisingizio cha pili.

Kichwa kisichoshika

Hiki kinahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndicho chenye heshima kuliko vyote. Kina hata methali yake. Tunaambiwa samaki akunjwe angali mbichi, nasi tunaichukua methali iliyokusudiwa malezi ya mtoto tukaifanya hukumu juu ya mtu mzima.

La kweli lililomo ni kwamba mtu mzima huchukua muda mrefu zaidi kuhifadhi jambo jipya kabisa, lisilofungamana na chochote anachokijua. Lisilo la kweli ni kwamba hawezi. Mama yule yule anayesema kichwa chake kimezeeka huhudhuria darsa baada ya alasiri, amehifadhi sura ambazo hakuzijua miaka mitano iliyopita, na siku ya maulidi husoma kasida ndefu bila ya kuangalia karatasi. Tofauti haimo katika kichwa bali katika njia. Utotoni, katika chuo cha Kurani, alifundishwa kudurusu: kusoma kidogo, kufunga msahafu, kukisoma kwa moyo mbele ya mwalimu, kurudia kesho, na kurudia tena baada ya siku kadhaa. Njia hiyo, yaani kujipima bila ya kitabu na kuacha nafasi kati ya marudio, ndiyo ile ile ambayo wataalamu wa elimu wameithibitisha kuwa inashinda kusoma ukurasa mmoja mara kumi kwa mkupuo. Anapofungua kitabu cha biolojia huiacha, akapitisha macho juu ya maandishi usiku kucha, kisha akakilaumu kichwa.

Kwa hiyo soma kurasa mbili, ufunge kitabu, ueleze kwa sauti ulichokisoma kama unayemweleza mwanao, kisha ufungue uone ulichokiruka. Rudia kesho yake, na baada ya wiki.

Tafuta anayefundisha kabla ya kutafuta pesa

Watu wengi huipanga kazi kinyume: wakusanye kwanza, ndipo waulize. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, alipohamia mjini mwaka 1911 alikuwa mtu mzima aliyekwishazoea kutembeza vyungu, asiye na skuli wala chombo chake cha muziki. Alichokipata kwanza ni mwalimu, Muhsin Ali, aliyemfunza kuimba. Sahani za santuri zilizorekodiwa Bombay zilikuja mwaka 1928, yeye akikaribia miaka 50. Hutajwa sana kwa kipaji chake, na ni haki, ila mimi naona mpangilio wake ndio unaoweza kuigwa na mtu asiye na kipaji kile.

Milango ya kubisha ipo. Aliyekatiza masomo ya sekondari kabla ya kidato cha nne ana Mtihani wa Maarifa unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ambao akifaulu humpa ruhusa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Ulizia tarehe za usajili mapema, kwani mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba ilhali kujiandikisha hufungwa miezi mingi kabla. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wanaosoma huku wakiendelea na shughuli zao, kina vituo Unguja na Pemba. Mwenye kutaka ufundi aende katika vituo vya mafunzo ya amali, kama vile Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, na mwenye kutaka udi au kanuni akiulize Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mjini mwaka 2002. Kinyasini, katika Mkoa wa Kaskazini Unguja, kituo cha Barefoot College kimekuwa kikiwafundisha wanawake wa vijijini, wakiwemo watu wazima waliosoma kidogo sana, kuunganisha na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua kwa kutumia mikono na alama za rangi badala ya vitabu. Anayesema hakusoma, basi hawezi kuwa fundi wa umeme, angekwenda kule akaangalia.

Ukishajua ada halisi, ndipo useme kama pesa huna. Mara nyingi zamu moja ya upatu, au mkopo mdogo katika kikundi cha kuweka na kukopa, hutosha kwa mwanzo. Kwa mstaafu neno langu ni jengine kabisa: kiinua mgongo chako usikitie chote katika jambo ambalo hujalifanya kwa mikono yako japo miezi sita. Nimeona daladala nyingi zilizonunuliwa kwa kiinua mgongo zikiwa juu ya mawe.

Nafasi

Ratiba ya wiki, ile ya Jumatatu na Jumatano, imetengenezwa kwa ajili ya wenye kazi za ofisini. Mwanamke mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani haongozwi na wiki. Anaongozwa na maji. Mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, huingia bamvua, bahari ikakupwa mbali mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi, na siku hizo yuko shambani kufunga mbegu na kuvuna, kisha jioni anaanika. Yanapokuja maji mafu, yasiyokupwa mbali, hapana kazi kubwa baharini. Akijipangia kusoma kila Jumatatu, Jumatatu nyingine itaangukia bamvua, atakosa, ataona amekwishaharibu, ataacha. Afadhali apange masomo mapya na mazoezi marefu katika siku za maji mafu, na siku za bamvua abakishe kudurusu tu, robo saa baada ya isha. Mchumaji wa karafuu wa Pemba naye asianze jambo jipya msimu unapoanza, wala mpishi wa nyumba kubwa asianze mwishoni mwa Shaabani. Huko si kuahirisha, mradi tarehe ya kuanza imetajwa. Tuna tabia ya kusema inshaallah bila ya kutaja siku. Taja siku kwanza, kisha useme inshaallah.

Siku zikishajulikana waambie wa nyumbani, kwa maneno yaliyo wazi na yenye mipaka. "Bwana, naomba siku hizi nne baada ya alasiri niwe darasani mpaka karibu na magharibi. Chakula nitakiacha tayari, na Ramadhani nitasimamisha masomo." Ombi la namna hii hujibika. Malalamiko ya kwamba hapana anayekujali hayajibiki, na huzaa ugomvi ambao baadaye nao huwa kisingizio.

Watu watasema

Watasema kweli. Hiki ndicho kinachobaki vyote vikishatolewa, na sina dawa ya kukiondoa, ila ninalo la kukipunguza. Kwanza usiitangaze ndoto nzima. Sema unajifunza hesabu, usiseme utakuwa mwalimu. Pili, uwe na jibu jepesi lililo tayari. Jirani atauliza, "Bibi we, na uzee huu wataka uwaziri?" Umjibu, "Nikiupata nitakwita ofisini, shoga," mcheke wote, mambo yaishe. Mwenye kujieleza kwa urefu huonekana ana wasiwasi, na wasiwasi ndio unaowachochea wenye maneno. Tatu, tafuta mwenzako mmoja wa rika lako, kwa sababu kukaa wawili katika darasa la vijana ni jambo jengine kabisa na kukaa peke yako.

Utakapokatika

Utakatika. Kutatokea msiba, harusi ya mtoto wa dada, au mjukuu atalazwa, na utakaa wiki tano bila ya kugusa daftari; hapa ndipo wengi wanapoachia moja kwa moja, si mwanzoni. Siku ya kurudi usijaribu kulipa deni lote. Mpigie mwalimu au mwenzako umwambie unarudi siku fulani, kisha siku hiyo kaa nusu saa tu na yale unayoyajua tayari, uyaseme bila ya kitabu mpaka yatiririke. Siku ya pili fanya hivyo hivyo kwa somo la mwisho ulilolisoma kabla ya kukatika. Ukurasa mpya uufungue siku ya tatu.