Kuagiza, kukagua na kupunguza mkanda wa saa mpya kutoka kampuni ndogo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwezi uliopita nilikaa jioni nzima na mpwa wangu tukipunguza mkanda wa chuma wa saa ya mkononi aliyoiagiza kutoka kampuni ndogo inayojitegemea. Kazi hiyo ingetuchukua dakika 20 tu, kama saa ile isingekuwa na aina ya pini ambayo miaka kadhaa iliyopita iliniadhiri mimi mwenyewe. Kampuni za namna hii kwa kawaida huchora saa zao, hununua mashine za ndani ya saa kutoka kwa watengenezaji wakubwa, na kumuuzia mnunuzi moja kwa moja. Kwa kuwa hakuna duka katikati, hakuna mtu wa kukuvisha saa uione inavyokaa, wa kuikagua mbele yako, wala wa kukukatia mkanda. Kazi zote tatu zinakuwa zako. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga hivi kwa makusudi: kila jambo linaloweza kukunyima haki ya kuirejesha saa limewekwa mwisho.

Hatua ya 1: Pima mkono wako kabla ya kutazama picha

Kipenyo cha kasha, ile namba ambayo kila tangazo huitanguliza, hakitoshi kukuambia saa itakaaje. Kipimo cha maana zaidi ni urefu kutoka ncha ya masikio ya juu hadi ncha ya masikio ya chini, yaani zile pembe nne zinazoshika mkanda. Saa ya milimita 38 ambayo urefu wake kati ya masikio ni milimita 48 inaweza kuonekana kubwa mkononi kuliko saa ya milimita 40 yenye urefu wa milimita 46. Laza rula juu ya mkono, pale saa inapokaa, upime sehemu iliyo bapa tu bila kufuata mviringo. Masikio yakizidi kipimo hicho, saa itaning'inia pembeni na hakuna mkanda utakaoiponya. Mimi hukata karatasi ngumu kwa vipimo vya saa ninayoitaka, nikaiweka mkononi na kusimama mbele ya kioo cha ukutani. Picha za simu siziamini hata kidogo, kwa sababu kamera ikisogezwa karibu huikuza saa kuliko mkono. Ukisoma unene, uliza pia kama kioo kimehesabiwa, maana zipo kampuni zinazotaja unene wa kasha peke yake.

Hatua ya 2: Jua mashine iliyomo ndani

Saa nyingi za otomatiki, yaani zinazojitia ufunguo mkono unapotikisika, za kampuni ndogo zina mojawapo ya mashine chache zinazojulikana, na jina la mashine hukueleza mengi kuliko maneno matamu ya tangazo. NH35 ya Seiko hupiga mapigo 21,600 kwa saa na hubaki ikitembea kwa takribani saa 41 ikivuliwa; kiwanda chenyewe huruhusu ichelewe hadi sekunde 20 au itangulie hadi sekunde 40 kwa siku. Miyota 9015, ya kundi la Citizen, hupiga mapigo 28,800, ni nyembamba zaidi, na kiwango chake ni kati ya kuchelewa sekunde 10 na kutangulia sekunde 30. Sellita SW200-1 ya Uswisi nayo hupiga mapigo 28,800, na imejengwa kwa kufuata ETA 2824-2, kwa hiyo mafundi wengi waliozoea mashine ile hawataishangaa.

Wapo wanaoidharau NH35, nami sikubaliani nao. Ni mashine ngumu, hupatikana kwa urahisi, na ikifa unaweza kuibadilisha nzima badala ya kulipia matengenezo marefu. Miyota 9015 naipenda kwa wembamba wake, lakini yafaa ujue mapema kwamba uzito wake unaozunguka hutia ufunguo upande mmoja tu. Ukienda upande wa pili huzunguka bure, na ukitikisa mkono chumbani palipo kimya utausikia mvumo wake. Huko si kuharibika. Nimewahi kumzuia mtu asiirudishe saa nzima kwa sababu ya mvumo huo.

Mashine ya kawaida haimaanishi saa ya kawaida. Christopher Ward ya Uingereza ilitoa Bel Canto mwaka 2022, saa inayogonga kengele kila saa inapotimia, na msingi wake ni Sellita SW200-1. Mwaka uliofuata ilishinda tuzo katika mashindano ya saa ya Geneva yaitwayo GPHG (Grand Prix d'Horlogerie de Genève). anOrdain ya Glasgow hununua mashine za watu wengine na kuweka ustadi wake katika nyuso za saa zilizopakwa enameli na kuchomwa tanuruni. Jiulize fedha yako imekwenda sehemu gani ya saa. Kampuni isiyoweza kukujibu swali hilo, au inayoandika tu "mashine bora ya otomatiki" bila namba, iache.

Jambo moja dogo huwakera wengi: saa isiyo na tarehe usoni lakini yenye mashine ya tarehe ndani. Ukivuta kifundo cha pembeni, kile cha kutilia saa ufunguo, utakuta kituo cha kati kisichofanya chochote. NH38 na Miyota 9039 hazina mtambo wa tarehe, na kampuni iliyozichagua imejali.

Hatua ya 3: Soma masharti ya agizo

Kuna tofauti kubwa kati ya saa iliyopo ghalani na saa ambayo bado haijaundwa. Baltic ya Ufaransa ilianza mwaka 2017 kwa kuchangisha fedha kupitia tovuti ya Kickstarter na ikafanikiwa, lakini unapochangia mradi wa namna hiyo hujanunua bidhaa dukani. Umeuunga mkono mradi ambao unaweza kuchelewa au kufa. Kwa mtu anayenunua saa yake ya kwanza, ushauri wangu ni achukue iliyopo tayari. Tafuta muda wa waranti, nani atalipa usafirishaji wa kuirejesha, ushuru wa forodha ni juu ya nani, na, muhimu kuliko yote, saa ikishapunguzwa mkanda inapokewa tena au hapana.

Hatua ya 4: Lipa

Tumia kadi, na uhifadhi risiti.

Hatua ya 5: Ikague kabla ya kubandua plastiki

Piga video wakati wa kufungua boksi. Kisha weka taa ubavuni mwa saa, si juu yake, uitazame kwa lenzi ya sonara inayokuza mara 5. Inayokuza mara 10 itakuonyesha vumbi ambalo hakuna jicho litakaloliona, na utakosa usingizi bure. Akrabu zote zielekeze juu zikikutana kwenye 12, na alama ya pete ya nje inayozunguka, kama ipo, iwe sawasawa na alama ya uso. Kifundo cha kukaza kwa nyuzi, yaani kinachofungwa kama skrubu, kishike bila kukwaruza. Kikigoma, kirudishe nyuma taratibu mpaka ukisikie kinadondokea kwenye nyuzi zake, ndipo ukaze.

Tarehe usiibadilishe kwa kifundo wakati mtambo wake umeshaanza kushikana, yaani kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Kwa kuwa uso wa saa hausemi kama tunavyosema sisi, hiyo ni pale akrabu fupi inapokuwa kati ya 9 na 4 kwa upande wa usiku. Na kwa kuwa saa iliyosimama haikuambii kama ni usiku au mchana, zungusha akrabu mbele mpaka tarehe iruke yenyewe, uendelee hadi akrabu fupi ifike 6, ndipo uweke tarehe ya jana, kisha usogeze akrabu mbele hadi ya leo.

Hatua ya 6: Pima mwendo wake

Itie ufunguo wa kutosha, iweke sawa na saa ya simu, kisha isome tena baada ya saa 24 kamili, kwa siku tatu au nne. Ukiilaza usiku uso ukitazama juu, halafu usiku mwingine ukiisimamisha kwa ubavu, utaona mwendo unabadilika, na hilo ni la kawaida. Ukiwa na kifaa cha kusikiliza mapigo, kipe pembe sahihi ya mashine yako (kwa Kiingereza lift angle), digrii 53 kwa NH35, 51 kwa Miyota 9015 na 50 kwa SW200-1, la sivyo kitakupa kipimo cha uongo cha mzunguko wa gurudumu la mizani.

Saa inayotangulia ghafla kwa dakika nzima au zaidi kwa siku mara nyingi imeshikwa na sumaku. Isogeze karibu na dira. Sindano ikifuata saa, ipeleke kwa mwenye kifaa cha kuondoa usumaku kabla ya kumlaumu aliyeiunda.

Hatua ya 7: Punguza mkanda

Ukifika hapa umeshaamua kuibakiza saa, maana mkwaruzo mmoja kwenye pingili, kimojawapo cha vipande vinavyounda mkanda, unatosha kuifunga njia ya kuirejesha.

Geuza mkanda utazame upande wa ndani. Mishale midogo ikiwapo, pini husukumwa nje kwa kufuata mshale na hurudishwa kwa kwenda kinyume chake. Kisha tazama ubavu wa pingili. Ukiona mfereji wa bisibisi, hiyo ni skrubu, nawe una bahati. Tumia bisibisi inayoujaza mfereji kwa upana, na skrubu ikigoma ipashe moto kwa kikaushia nywele, kwa kuwa kiwandani hutiwa gundi. Wakati wa kurudisha tia tone dogo la gundi ya skrubu isiyo kali kwenye nyuzi. Ukiona kiduara kitupu kisicho na mfereji, hiyo ni pini, na bado hujajua ni ya aina gani. Pini yenye ufa hujibana yenyewe, irudishe tu kama ilivyotoka, usiigeuze kichwa chini miguu juu. Pini laini isiyo na ufa haishikwi na chochote isipokuwa kimrija kidogo cha chuma kilichojificha ndani ya pingili, na hicho ndicho kiini cha maneno mengi yanayofuata.

Mara ya kwanza nilipokutana na mkanda wa aina hii sikujua kwamba kimrija kipo. Pini ilitoka, kitu cha ukubwa wa punje ya mtama kikaanguka zuliani, nami nikadhani ni takataka ya kiwandani. Niliirudisha pini, ikaingia kwa ulaini hata nikajisifu. Siku ya pili yake, nikiwa nashuka ngazi, mkanda uliachia na saa ikadakwa na kifungo cha mkono wa shati. Kukitafuta kimrija kulinichukua muda wa saa tatu nzima. Nilipitisha sumaku zulia zima bila kupata kitu, kwa sababu chuma kisichoshika kutu cha aina inayotumika sana kwenye saa hakivutwi na sumaku. Kilichonisaidia ni kuzima taa na kulaza tochi sakafuni: kitu kidogo kuliko vyote hutupa kivuli kirefu.

Kwa hiyo, fanya kazi ndani ya sinia lenye kingo, juu ya kitambaa cheupe. Kile kifaa cha plastiki cha kuzungusha ambacho hutiwa bure ndani ya boksi kitupe, maana sindano yake hupinda kwenye pini ya kwanza iliyokaza. Nunua sindano ya chuma iliyo nyembamba kuliko pini, kipande cha kushikilia mkanda, na nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki. Gonga kidogo kidogo kwa kufuata mshale. Pini ikishatoka, usiinue mkanda. Tenganisha pingili papo hapo juu ya kitambaa, uone kimrija kilikaa katikati au ubavuni, na upande gani. Piga picha.

Wakati wa kuunganisha, kimrija hutangulia kwenye nafasi yake, pingili zikakutanishwa, kisha pini ikaingia kwa kwenda kinyume cha mshale. Itaingia kwa kidole mpaka ikigusa kimrija, halafu itagoma, na kuanzia hapo ni nyundo. Pini ikiingia hadi mwisho kwa kidole peke yake, simama: kimrija hakipo, au kimewekwa pasipo pake. Haidhuru saa inaonekana imefungika vizuri kiasi gani. Mwishoni uvute mkanda kwa nguvu ukiwa umeushika juu ya kitanda. Mpwa wangu, kwa haraka ya kutaka kuivaa, aliiruka mara mbili hatua hii ya kuvuta, na mara ya pili pini ilichomoka.

Idadi ya pingili za kutoa ikiwa shufwa, gawanya sawa pande mbili. Ikiwa witiri, ile ya ziada itoke upande wa 6, ili bizimu likae katikati ya upande wa chini wa mkono. Lililobaki lirekebishwe kwa vitundu vya bizimu. Acha nafasi ya kidole kidogo, kwani mkono huvimba wakati wa joto.

Hatua ya 8: Maji, na mabaki ya mkanda

Saa iliyoandikwa mita 30 si ya kuogelea. Ya kupigia mbizi hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 6425, ambacho huanzia mita 100, na hata hiyo isiguse maji kabla hujahakikisha kifundo kimekazwa.

Pingili ulizotoa, pamoja na pini na vimrija vyake, zitie katika kimfuko kimoja kilichoandikwa jina la saa, ukirudishe kwenye boksi lake. Mpwa wangu alizitia mfukoni mwa koti, na wiki mbili baadaye, joto lilipopanda, alihitaji pingili moja.