Vali za kanda kwenye mfumo wa maji moto: kuzifunga na kuziunga nyaya bila kuunguza transfoma

Mwongozo huu ni wa mfumo wa kawaida: boila moja inapasha maji, pampu moja inayasukuma, na jengo limegawanywa kanda mbili au zaidi, kila kanda na themostati yake na vali yake. Chumba kikipoa themostati huita, vali hufunguka, ndipo boila na pampu huamka.

Kazi ya bomba hapa haina maajabu. Nyaya ndizo zinazowatoa mafundi jasho, kwa sababu ndani ya kichwa kimoja cha vali mna saketi mbili zisizojuana. Moja inaendesha mota. Nyingine ni swichi tu, inayojifunga vali ikishafunguka hadi mwisho, na kazi yake ni kuiambia boila: njia iko wazi, washa. Saketi hizo zisikutane popote. Mengi yanayoharibika katika kazi hii huanzia pale zilipokutanishwa.

Ninazungumzia vali ya volti 24 yenye mota na springi, ile inayotoka na nyaya 4. Mara nyingi 2 za manjano ni za mota na 2 nyekundu ni za swichi, lakini usiape kwa rangi. Soma karatasi iliyokuja na vali yako.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya transfoma

Transfoma hapa ni ile inayoshusha umeme wa nyumba kuwa volti 24 za kuendesha vali. Fanya hesabu yake kabla ya kununua chochote. Mota ya aina hii hula takriban ampea 0.32. Zidisha kwa volti 24, unapata karibu volti-ampea 7.7 kwa kila vali. Transfoma ya volti-ampea 40 itabeba vali 5 kwa kubanana, ya 6 itaizidi. Mimi huishia 4, kwa kuwa transfoma inayofanya kazi ukingoni hushinda ikiwa moto, na haidumu.

Kuna vali nyingine zinazofunguliwa na nta inayopashwa moto badala ya mota. Hizo hazina kelele, ila baadhi yake hula hata ampea 0.9, yaani transfoma hiyohiyo ya 40 inatosha moja tu. Usichanganye aina mbili kwenye mfumo mmoja kabla ya kurudia hesabu.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Vali inaweza kukaa kwenye bomba la kwenda au la kurudi. Nikiachiwa nichague, naiweka kwenye la kwenda, baada ya pampu, zote zikiwa zimepangwa mstari mmoja karibu na boila ili atakayekuja kuzitengeneza asizitafute. Pampu yenyewe ivute maji kutoka upande lilipo tangi la kutanukia, lile linalopokea maji yanapotanuka kwa moto; hapo mfumo hutulia na hewa hutoka kwa urahisi.

Mambo mawili hayana mjadala. Mshale ulio kwenye mwili wa vali ufuate mwendo wa maji. Ukiugeuza, maji yatakibamiza kizibo kila vali inapofunga na bomba litagonga kama nyundo. Na kichwa cha mota kisining'inie chini ya bomba, maana tone lolote litakalovuja litaingia kwenye mota. Kiweke juu au ubavuni, na uache nafasi ya mkono wa kukichomoa.

Weka pia koki ya kufungia na ya kutolea maji kwenye bomba la kurudi la kila kanda. Anayeziacha kwa kubana matumizi huzikumbuka siku ya kutoa hewa.

Hatua ya 3: Zima, poza, toa maji

Zima umeme wa boila kwenye swichi kuu na uhakikishe kwa testa. Subiri maji yapoe kiasi cha kuweza kushika bomba kwa mkono. Funga koki ya maji yanayoingia, kisha toa maji hadi yawe chini ya sehemu utakayokata. Usiguse bomba la gesi wala vali ya usalama.

Hatua ya 4: Lehemu

Chomoa kichwa cha mota kabla ya kuwasha moto. Ndani ya mwili wa vali mna kizibo cha mpira, kwa hiyo fungua vali kwa kiwiko chake (kile kiwenzo cha kuifungua kwa mkono) ikiwa muundo wake unaruhusu, uzungushie kitambaa kibichi, na uelekeze moto kwenye bomba na ncha ya kiungio, si katikati ya mwili. Kata bomba kwa pembe mraba, ondoa makapi ya ndani, sugua shaba kwa msasa hadi ing'ae, paka dawa ya kulehemia kidogo tu. Dawa ikizidi huingia ndani na kukaa kwenye kizibo.

Hatua ya 5: Jaza na utoe hewa

Rudisha vichwa vya mota, kisha fungua vali zote kwa viwiko vyake. Jaza maji, kisha safisha kanda moja moja: funga koki ya kurudi ya kanda hiyo, unganisha mpira wa maji kwenye koki ya kutolea maji, na uache maji yapite hadi mapovu yaishe kabisa. Kwa jengo la ghorofa moja, baa 1 hadi 1.5 mfumo ukiwa baridi hutosha. Kagua viungo vyote vikiwa bado wazi.

Hatua ya 6: Saketi ya mota

Umeme ukiwa bado umezimwa, tandaza waya wa themostati wa nyuzi 2, wenye unene wa takriban milimita za mraba 0.8. Njia ni hii: upande mmoja wa transfoma uende kwenye themostati, utoke themostati uingie waya mmoja wa manjano, na waya wa manjano wa pili urudi upande mwingine wa transfoma. Kila kanda irudie njia hiyo peke yake. Kanda zote zinachangia transfoma, lakini hakuna themostati inayopitia kwa jirani.

Themostati za kielektroniki nyingi zinahitaji waya wa tatu ili zipate umeme wao daima. Tandaza waya wenye nyuzi za akiba tangu mwanzo.

Hatua ya 7: Saketi ya swichi

Hapa polepole. Unga swichi zote sambamba: chukua waya mmoja mwekundu wa kila vali uzikusanye pamoja, kisha zile nyekundu zilizobaki uzikusanye pamoja. Unabaki na nyaya mbili tu. Hizo ndizo zinakwenda kwenye boila, kwenye skrubu zilizoandikwa T na T. Vali yoyote ikifunguka, boila inawaka. Ukiziunga kwa mfuatano, boila haitawaka mpaka kanda zote ziite kwa pamoja.

Boila nyingi hutoa volti 24 zake zenyewe kwenye T na T. Ukipeleka hapo umeme wa transfoma yako, transfoma mbili zinapambana na moja inaungua, au kidhibiti cha boila kinakwenda nayo. Kwa hiyo kabla ya kuzifunga nyaya hizo mbili, weka mita kwenye mlio (hali ambayo hulia nyaya mbili zikiwa zimeungana), umeme ukiwa umezimwa, uguse kila moja dhidi ya nyaya zote za transfoma. Mita ikilia, umechanganya saketi. Rudi nyuma utafute.

Vali za volti 230 zinazotumika sana Uingereza zina nyaya 5 na mpango mwingine: kahawia kutoka themostati, bluu ya nyutro, kijani na manjano ya ethi, kijivu inayopokea umeme wa kudumu, na rangi ya chungwa inayokwenda boila na pampu. Kijivu hubaki na umeme hata themostati ikiwa kimya. Huo ni umeme wa kuua, kazi ya fundi wa umeme mwenye leseni.

Hatua ya 8: Jaribu kanda moja moja

Washa umeme, themostati zote zikiwa chini. Boila iwe kimya. Pandisha themostati moja na usubiri. Gusa kiwiko cha vali: kikiwa legevu, mota imefungua. Kikiwa bado kigumu, pima kwenye nyaya za manjano. Ukipata volti 24 mota ndiyo mbovu, usipopata tafuta upande wa themostati. Vali imefunguka lakini boila haiamki? Swichi ya ndani haijifungi, au waya mwekundu umelegea.

Sikiliza pia kanda ndogo ikiwa peke yake. Pampu ya mwendo mmoja husukuma maji yote kwenye njia hiyo nyembamba na bomba huvuma. Dawa yake ni vali ya kupitishia maji ya ziada, au pampu inayojipunguza mwendo yenyewe.

Mwisho, teremsha themostati zote. Boila ikiendelea kuitwa wakati vali zote zimefunga, kuna swichi iliyoganda ndani ya kichwa kimoja. Zima umeme, achanisha nyekundu za vali moja, washa tena, na uendelee hivyo hadi boila inyamaze. Kichwa ulichoachanisha mwisho ndicho cha kubadilisha.