Chanjo mpya ya kideri: uliza inatunzwaje kabla ya kuuliza bei

Wafugaji wengi wa Uganda wanaamini chanjo ya kideri (wengine huita mdondo, au Newcastle tu) "imechoka", na wanasubiri mpya. Hoja yao ina chembe ya ukweli. LaSota, chanjo ya kideri inayotumika sana, ilitokana na virusi vya miaka ya 1940 huko Marekani, ilhali virusi vinavyoua kuku wa Uganda, Kenya na Tanzania leo vingi ni vya kundi la kinasaba la V, tofauti na kundi la LaSota. Hata hivyo, virusi vyote vya kideri ni vya aina moja machoni pa kinga ya mwili, kwa hiyo LaSota iliyotunzwa vizuri bado humwokoa kuku na kifo. Inachoshindwa ni kumzuia asiambukize wenzake: kuku anaonekana mzima, huku makamasi na kinyesi chake vikibeba virusi.

Pengo hilo ndilo watafiti wanalolishughulikia. Njia moja ni kutengeneza chanjo inayofanana na virusi vya hapa, ili kuku aliyechanjwa atoe virusi vichache. Nyingine, ambayo tayari iko sokoni, huchukua virusi vya herpesi vya bata mzinga visivyomdhuru kuku, na kuvipachika jeni moja ya kideri. Kifaranga hudungwa sindano akiwa bado kituo cha kutotolea, na kinga hudumu muda mrefu, ingawa huchukua wiki kadhaa kukomaa.

Tatizo ni mtungi. Chanjo hiyo hukaa ndani ya nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Anayenunua vifaranga wa mayai kwa mamia na amwulize mtotoleshaji kama wamechanjwa nayo. Mwenye kuku kumi wa kienyeji kule Soroti au Arua haimfai.

Huyo chanjo yake ni I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji. Inavumilia joto, ila si jua kali, kwa hiyo ibebe kwenye kitambaa kibichi kivulini. Kuku wote hupewa kipimo kimoja, jogoo kwa kifaranga, na hurudiwa kila baada ya miezi minne. Panga siku moja na majirani, kabla kiangazi hakijaanza, alfajiri kuku wakiwa bado bandani. (Waachie watoto kazi ya kuwakamata, wanatuzidi.) Mmoja amshike kuku na kumgeuza kichwa jicho moja lielekee juu. Mwingine ageuze chupa mdomo chini, aishike wima, tone lidondoke bila ncha kugusa jicho. Usimwachie kuku kabla hajapepesa. Tone likimwagikia manyoyani, hajachanjwa, rudia.

Kwa wanaotumia LaSota ya kunywesha, maji ya bomba yenye klorini huua chanjo kabla haijafika mdomoni. Tumia ya mvua au ya kisima, na yaishe ndani ya saa mbili. Usichanje kuku ambao tayari wanaumwa, na kuku wa sokoni watenge wiki mbili kabla ya kuwachanganya na wako.

Bronkitisi ya kuku, ugonjwa mwingine wa virusi unaoshika njia ya hewa, ni habari nyingine. Ina aina nyingi, na chanjo ya aina moja mara nyingi haikingi dhidi ya nyingine. Usinunue kwa kubahatisha.

Kuku waliochanjwa wakianza kukoroma, kuharisha kijani na kupinda shingo, usikimbilie kulaumu chupa, wala usiwauze haraka haraka. Mwite afisa mifugo wa kaunti ndogo, umwombe sampuli zipelekwe maabara ya taifa ya Entebbe au chuo cha mifugo cha Makerere. Virusi vinavyopatikana katika sampuli kama hizo ndivyo watafiti huvitumia kutengeneza chanjo ya hapa. Mizoga mingine ichome au uifukie shimo refu, mbwa wasiifukue.