Mzunguko wa mguu Arabuko-Sokoke: soma mchanga kwanza

Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, ndiyo msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki, kilomita za mraba 420 hivi. Upande wa mashariki ni tambarare na vijia vyake vinafanana, kwa hiyo macho peke yake hayatakuambia umefika wapi. Mchanga utakuambia. Karibu na barabara ya Mombasa–Malindi ni wa kijivu, na hapo pana msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Katikati ni mweupe, laini, mguu unazama. Huo ni ukanda wa miti ya mirihi (Brachystegia). Magharibi udongo unakuwa mwekundu na miti inageuka kichaka cha Cynometra, matawi yamefumana hata huoni hatua kumi mbele.

Mwongozo huu ni wa mzunguko wa kilomita 4 hadi 5 kwenye mchanga wa kijivu, kuanzia kituo cha msitu cha Gede. Usijaribu kuunganisha aina zote tatu kwa mguu asubuhi moja. Jua litakukuta katikati na maji yamekwisha.

1. Mavazi na mzigo. Suruali ndefu ya kaki au kahawia, ncha zake zichomekwe ndani ya soksi: kupe wanapanda kutoka kwenye majani, na siafu hawabishi hodi. Epuka buluu iliyokoza na nyeusi, maana rangi hizo zinawavuta mbung'o. Viatu vifunike vidole. Beba lita 2 za maji kwa mtu, dawa ya kufukuza wadudu, darubini, na simu iliyojaa chaji yenye ramani iliyopakuliwa nyumbani.

2. Kufika. Matatu ya Mombasa–Malindi itakushusha mlangoni, kusini kidogo ya njia panda ya Gede. Kutoka Watamu, boda au tuktuk inatosha. Jiandae kulipa kwa simu badala ya taslimu. Chukua mwongozaji hapo hapo. Wapo wanaojua bundi analala tawi gani wiki hii, na wapo kwa sababu nyingine pia: msitu una ndovu.

3. Anza saa 12:30 asubuhi, uelekee magharibi. Jua likiwa mgongoni, ndege walio mbele yako wamemulikwa vizuri. Ukianza kinyume utaona vivuli vyeusi tu. Mwendo wa kilomita moja na nusu kwa saa unatosha. Anayekwenda kasi atarudi akisema msitu hauna kitu.

4. Msikilize sange. Huyu ni mnyama mdogo, sange wa kiuno cha dhahabu, anayepatikana pwani ya Kenya peke yake, na makao yake makuu ni msitu huu. Uzito wake ni kama nusu kilo, miguu myembamba, pua ndefu inayopekua majani makavu. Simama kimya dakika kumi mahali penye majani mengi chini. Utasikia mchakacho; sauti itanyamaza, kisha itarudi. Mtafute ndege aitwaye kurumbiza: mara nyingi humfuata sange nyuma nyuma, akidaka wadudu wanaoshtuliwa. Sange akikugundua hupiga mkia kwenye majani, pa, pa, halafu anatoka mbio na kile kiraka cha manjano kinakuwa ndicho kitu cha mwisho unachokiona. Kiraka kina kazi yake. Adui anakilenga hicho, na ngozi ya hapo ni nene kuliko ya mgongoni.

Ukiona waya au kamba imetegwa kijiani, usiing'oe kimya kimya. Mwonyeshe mwongozaji, askari wa msitu wanahitaji kujua iko wapi.

5. Ndovu. Kinyesi kilichokauka, endelea. Kikiwa na unyevu, matawi yamevunjwa na utomvu bado unatoka, simameni. Dondosha vumbi kidogo kutoka mkononi uone upepo unakwenda wapi. Ukiwa unatoka kwako kwenda mbele, harufu yenu imeshafika. Rudini mlikotoka, bila kelele na bila kukimbia. Kosa la kawaida ni kukata njia ya mkato kichakani ili kumzunguka. Kichakani ndiko anakopumzika, na anaweza kuwa mita chache tu bila kuonekana.

6. Geuka kabla ya saa 3. Rudi kwa kijia kingine mkielekea mashariki. Mkipoteza njia, jua la asubuhi ni dira tosha: lilipo ndiko iliko lami. Adhuhuri halisaidii, hasa mwezi wa Machi na Oktoba linapokaa karibu utosini. Magari yakisikika, mmefika.

7. Kama siku bado ipo, panda gari hadi kwenye mirihi. Hapo mchezo ni kusubiri: dakika ishirini bila ndege hata mmoja, kisha kundi zima linapita juu ya vilele, na ndani yake huenda yumo chozi wa Amani au kwera wa Clarke, ambaye duniani kote hupatikana kaunti ya Kilifi tu. Udongo ukishakuwa mwekundu, umefika kwa bundi mdogo wa Sokoke, sentimita 16 hivi, anayelala mchana chini chini kichakani, mara nyingi wawili wawili. Mtazameni mkiwa wachache, bila mwako wa kamera, wala msimchezeshee sauti yake kwenye simu. Anaacha usingizi na kuanza kulinda eneo dhidi ya bundi asiyekuwepo. Baada ya mvua za masika udongo huo unanata na kuteleza. Gari dogo lisithubutu.

Mkitoka, vueni soksi hapo hapo kituoni na mkague nyuma ya magoti na kiunoni. Kupe wa msitu huu ni wadogo kama punje ya ulezi, na kesho atakuwa ameshajichimbia.