Kuwahudumia Ndege na Nyuki wa Uani Wakati wa Kipupwe Dodoma

Kuanzia Juni hadi Agosti, Dodoma huwa na baridi ya asubuhi, upepo mkali na ardhi kavu, kwa kuwa mvua zetu za msimu mmoja huwa zimekwisha, na hapo ndipo wengi huiacha bustani hadi Desemba. Kwangu mimi, huo ndio wakati viumbe wa mjini wanatuhitaji zaidi.

Usisubiri siku nzima ya mapumziko. Ambatanisha kazi hii na jambo unalolifanya kila siku. Chai ya asubuhi inapochemka, mwaga maji ya jana yaliyomo kwenye chungu kipana cha kunyweshea ndege na nyuki, ukisugue kwa brashi, kisha utie maji safi yenye kina cha vidole viwili na uweke jiwe bapa linalochomoza juu, kwa sababu nyuki wenye kiu huzama upesi wasipopata pa kutua. Dakika tano zinatosha. Tetere wa kwangu hufika kabla sijamimina chai.

Majani makavu usiyachome: yasogeze chini ya mti, yatunze unyevu na kuwasitiri mijusi na wadudu. Maji ya kuoshea mboga yapeleke kwenye mishubiri, ambayo maua yake huwalisha ndege aina ya chozi wakati mimea mingi imekauka.

Jumamosi moja tu, okota ukwaju uliokomaa, toa mbegu, uzihifadhi pakavu hadi Novemba, kisha uziloweke usiku kucha na kuzipanda kwenye viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche.